Nani Zaidi, Pollock au Rothko? Namna ya Kuamua kwa Haki

Waswahili hatuwezi kuona wawili bila kuuliza nani zaidi. Simba au Yanga, pilau ya Mombasa au ya Unguja, hata maharusi wa wiki iliyopita na wa wiki hii tunawapima. Basi ukienda kutembelea jumba la sanaa, swali hilo litakufuata mpaka mlangoni. Usilifukuze, ingia nalo. Mimi naamini kuwashindanisha wachoraji wawili ni njia nzuri kuliko zote ya kufundisha macho kutazama, mradi mechi ichezwe kwa haki. Nakuandikia maelekezo ya mechi moja ninayoipenda: Jackson Pollock dhidi ya Mark Rothko, uwanjani Washington.

Kiingilio ni bure. National Gallery of Art haimtozi mtu senti, kwa hiyo ndugu zetu wengi wanaoishi karibu na mji ule hawana kisingizio. Unalotafuta ni Jengo la Mashariki, lile lenye pembe kali, alilolisanifu I. M. Pei na likafunguliwa mwaka 1978. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, vaa viatu unavyoweza kusimama navyo, na uulize mapokezi picha zimetundikwa wapi, maana huhamishwa. Halafu kuna sentensi moja lazima uiache nje pamoja na mwavuli: “Hata mtoto angeweza kuchora hii.” Hiyo ni kadi ya njano.

Shemeji yangu aliipata ndani ya dakika mbili. Tulikuwa mbele ya Lavender Mist, kazi ya Pollock ya mwaka 1950, pana karibu mita tatu, imejaa nyuzi za rangi zilizopitana huku na huko. “Shemeji,” akaniambia, “hii hata mwanangu wa chekechea anaichora.” Nikamjibu, “Haya, shemeji, nioneshe mkono wa mchoraji uko wapi.” Akadhani namtania. Nikamwelekeza juu, kwenye pembe za kanvasi. Pale pana alama za viganja: Pollock alipaka rangi mikononi akaigandamiza, kama mtu anayeweka sahihi kwa mwili. Shemeji aliinua kiganja chake hewani, akakipima kwa mbali. Hakusema tena habari za chekechea.

Kwa Pollock, basi, kazi ni ya miguu. Yeye hakusimamisha kanvasi. Aliilaza sakafuni ndani ya ghala lake kule Springs, Long Island, akaizunguka pande zote. Mkononi alikuwa na kijiti au brashi iliyokauka, na kwenye kopo rangi nyepesi ya kiwandani, ya aina inayopakwa nyumbani. Rangi ilianguka kama mtama unaomwagiwa kuku, lakini kwa mkono uliojua kasi yake. Kwa hiyo nawe tembea. Anza kushoto, fuata mstari mmoja mweusi mpaka ukupotee, rudi, fuata mweupe. Kisha rudi nyuma hatua sita. Utaona wekundu uliopauka na zambarau hafifu kama ukungu, ilhali rangi ya zambarau hakuitumia. Ni nyeusi, nyeupe, chungwa, fedha na nyingine chache zilizochanganyika ndani ya jicho lako. Jina lenyewe alilipendekeza mhakiki Clement Greenberg.

Kwa Rothko, simama. Hapa wageni wengi hushindwa, kwa sababu wameshazoea kutembea. Jumba hili lina kazi zake kwa mamia, zilizotolewa na wakfu wake miaka ya 1980, na baadhi hupewa chumba mnarani, chenye mwanga wa jua unaoshuka kwa juu. Utakuta mistatili miwili au mitatu yenye kingo zinazoyeyuka, na utadhani umemaliza kwa mtazamo mmoja. Hujaanza. Rothko alitaka mtazamaji asogee karibu sana, kiasi cha nusu mita tu, picha ikiwa imetundikwa chini na taa zimepunguzwa. Mlinzi hatakuruhusu kufika huko, lakini sogea mpaka atakapokukataza, kisha kaa dakika tano bila simu. Alipaka rangi iliyozimuliwa sana, tabaka jembamba juu ya jembamba, kama ukindu uliochovywa rangi mara nyingi, na ile ya chini huendelea kung'aa kupitia ya juu. Ulichokiita cheusi kitageuka kuwa kahawia, halafu damu ya mzee. Ukingo utaanza kupumua.

Sasa onyo la refa. Usiamue kwa bei za mnadani. Usiamue kwa misiba yao pia. Pollock alikufa mwaka 1956 kwa ajali ya gari, akiwa amelewa usukani mkononi, umri miaka 44. Rothko alijiua mwaka 1970. Waongozaji wengine huwapa wageni habari hizo kabla hawajainua macho, na tangu hapo kila doa la Pollock linakuwa ulevi na kila weusi wa Rothko unakuwa kaburi. Hilo ni dhuluma kwa watu waliofanya kazi kwa akili na mikono yao kwa miaka mingi. Tazama kwanza, maisha uyasome ukiwa kwenye basi unarudi.

Wala usidhani walikuwa mahasimu. Mwaka 1950 walitia saini barua moja wakilipinga jumba la Metropolitan la New York kwa mashindano yaliyoonekana kuifungia nje sanaa yao mpya, na wote wawili wamo kwenye picha maarufu ya waliotia saini barua hiyo, iliyotoka katika jarida la Life Januari 1951. Timu moja, namba tofauti za jezi.

Hukumu yangu: Rothko, kwa bao moja. Lavender Mist naikumbuka vizuri hata nikiwa nyumbani. Naweza kufumba macho nikauona ule mwendo wake. Picha ya Rothko haikubali kubebwa. Kwenye simu inakuwa kipande cha rangi tu, na kumbukumbu yake hukataa kutulia, kwa hiyo lazima nirudi, na kila nikirudi naikuta mpya.

Shemeji yangu alimpa Pollock. Kabla ya kutoka alirudi peke yake kuviona vile viganja.