Hotuba ya Kumsifu Bwana Kutu

Wako watu wanaomtukana Kutu kila wakifungua geti. Wanasema anakula mabati, anatoboa chasisi, anaacha doa la kahawia kwenye shati la kanisani lililoanikwa kwenye waya. Mimi nakaa Makambako, na nimewasikiliza vya kutosha kujua kwamba hawana shukrani. Leo nasimama upande wake.

Tuanze na nasaba, maana mheshimiwa yeyote husifiwa kwanza kwa ukoo. Katika mkoa huu hakuna mwenyeji kumzidi Kutu. Chuma hakichimbwi ardhini kikiwa chuma. Huchimbwa kikiwa kimeshikana na oksijeni, na kazi yote ya tanuri ni kuwaachanisha hao wawili kwa moto. Kule Liganga, wilayani Ludewa, zinatajwa tani milioni 126 za mawe ya namna hiyo, na tumezisikia kwenye hotuba za bajeti hadi watoto wanazijua. Udongo mwekundu unaonata kwenye buti za wachuma chai na wakulima wa viazi umepata wekundu wake kwa chuma kilichokwisha kuliwa na hewa, yaani ni ndugu wa damu wa Kutu. Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Kutu alikuwa hapa kabla ya mipaka, kabla ya barabara, kabla ya mjumbe wa kwanza wa nyumba kumi. Kwa hiyo akianza kulila geti lako, usiite wizi. Chuma kiliazimwa ardhini, naye amekuja kudai.

Nije kwenye uchapakazi. Anataka vitu vitatu tu: chuma, hewa na maji. Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya bahari, vyote anavipata bila kuomba: ukungu wa asubuhi, umande, na yale manyunyu yasiyojua kukatika. Huanza kazi bila barua ya uteuzi na huendelea bila posho ya kikao. Usiku yupo, Jumapili yupo, Nane Nane yupo.

Tena ni mwajiri. Teremka kilomita kama 60 hadi Makambako, pale barabara ya Songea inapoungana na ile ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, utazame nani anakula kwa jasho la nani. Anayeuza msasa kwa karatasi moja moja, anayepima tina kwenye chupa ya maji, mwenye grinda ya kukodisha, fundi bodi, fundi rangi, kijana wa vyuma chakavu na mizani yake ya kuning'iniza: wote hao, Kutu akilala njaa, nao wanalala njaa.

Ingia kwenye gereji yoyote ya uchochoroni. Tela imepandishwa juu ya magogo, kijana amelala chali chini yake na brashi ya waya, kitambaa kimemfunga pua, unga wa kahawia unamshukia kwenye kope. Mahali rangi imevimba anachokonoa kwa bisibisi, na bisibisi inazama yote. Mwenye tela anaingia.

"Kamwene, fundi. Si mpulize tu rangi tumalize? Kesho napakia mbao."

"Mzee wangu," fundi anamjibu bila kuinua kichwa, "ukipaka rangi juu ya kutu umemfunika blanketi. Atalala vizuri, atanenepa."

Fundi hakutia chumvi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma alichokila, kwa hiyo akifungiwa chini ya rangi huisukuma mpaka ivimbe, ipasuke, imenyuke magamba. Hapa ndipo ilipo sifa yake kubwa, ile ambayo hata maadui zake hawawezi kumnyima: ni mkaguzi asiyepokea bahasha. Rangi mpya inamridhisha mteja, trafiki na hata jirani. Kutu haridhiki mpaka aone kama ulikwangua. Taarifa yake huitoa hadharani, kwa rangi ya kahawia, na hakuna kamati ya kuikalia.

Hata reli anaikagua. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, na inapita hapa hapa Makambako. Uso wa reli hung'aa kwa kusuguliwa na magurudumu. Treni zikiadimika, uso unageuka kahawia, na anayetaka kujua ratiba inavyokwenda hana haja ya kumsumbua stesheni masta.

Ukubwa wake unajulikana hadi Ulaya. Mnara wa Eiffel, uliofunguliwa mwaka 1889, hupakwa rangi upya takriban kila baada ya miaka 7, na kila awamu hula tani zipatazo 60. Jiji zima la Paris linalipa kodi kwake. Ila nawaonea huruma wale watu wazima wa Uingereza wanaopaka rangi vimeli vya angani vya mezani, kama vya mchezo wa Battlefleet Gothic uliotolewa na Games Workshop ya Nottingham mwaka 1999. Hatua zao ni zile zile za tela yetu: kukwangua mabaki ya kalibu kwa tupa na kisu, kuosha kwa sabuni, kupaka rangi ya msingi, ndipo rangi zenyewe. Lakini vimeli vile vya madini ni vya aloi ya bati, ambayo haishiki kutu. Maskini! Mvivu wa Nottingham anaweza kufa na siri yake. Mvivu wa Makambako ataumbuka kabla ya viazi vipya.

Na mkisema tuna dawa yake, niambieni hiyo dawa ni nini. Fundi akishakwangua, koti la kwanza ni redioksaidi, na wekundu wa redioksaidi ni oksidi ya chuma, ukoo ule ule wa Liganga. Tumemfukuza mlangoni, kisha tumemwajiri binamu yake awe mlinzi wa geti, tena kwa kumnunua kwa kopo.

Basi naomba halmashauri impe leseni ya biashara bila ada, kwa kuwa kodi zake zinalipwa na mafundi. Asiyeiunga mkono hoja yangu simlazimishi. Apake geti lake Novemba hii bila kulikwangua, achague rangi ya bei anayotaka, kisha tukutane Aprili tusome taarifa ya mkaguzi.