Papa Hana Bando

Mwaka 2019, Kyle Giersdorf, mtangaza gemu wa Marekani mwenye miaka 16, alishinda Kombe la Dunia la Fortnite na kuondoka na dola milioni 3. Basi mwanangu wa Kilindoni, kisiwani Mafia, nawe umeacha nyavu uende laivu. Hongera! Watazamaji wawili: binamu yako, na wewe mwenyewe kwa simu ya mama. Ukikua ukawa televisheni ya mtandaoni, kumbuka kanuni za Tanzania za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilitaka leseni ya shilingi milioni moja. Serikali haijui gemu, ila inajua kuhesabu. Jirani yako papa potwe hana akaunti wala bando. Anafungua mdomo tu, anakula, na Wazungu wanapanda ndege kuja kumtazama.