Bora Ningecheza Kwenye Theluji

Yote yalianza na kitambi. Daktari alinipima presha mara mbili, ya pili kama mtu asiyeamini macho yake, kisha akaniambia nianze mazoezi. Nikamweleza kwamba naishi Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, ghorofa ya tatu, na lifti haijawahi kufanya kazi tangu tuhamie, kwa hiyo mazoezi ninayo. Akatikisa kichwa. "Mzee wangu, tafuta hata baiskeli. Ni rahisi, haina gharama."

Daktari yule anaujua sana mwili wa binadamu. Kariakoo haijui.

Baiskeli yenyewe, nakiri, haikuniumiza. Nilipata mtumba wa Japani, baiskeli ya gia ya kupandia milima, shokapu mbele, matairi yana meno kama ya trekta, kwa shilingi 350,000 baada ya kubishana tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Kwenye fremu ilikuwa bado na kistika cha usajili cha Kijapani. Nikaibeba begani mpaka ghorofa ya tatu, na hayo nikayahesabu kuwa mazoezi ya wiki ya kwanza.

Kosa langu lilikuwa kutafuta wenzangu. Kuna kundi la watu wazima wenye heshima zao, wanakutana Mnazi Mmoja kila Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri, wananyonga hadi Pugu na kurudi. Nilikwenda na kaptura yangu ya kaki, fulana ya kampeni ya uchaguzi uliopita, na yeboyebo. Hakuna aliyenicheka. Laiti wangenicheka! Walinitazama kama watu waliokuja kumjulia hali mgonjwa, kisha katibu akanivuta pembeni.

"Mzee wetu, karibu sana. Ila safari ijayo, jitahidi vifaa."

Vifaa. Usiku huohuo orodha ikaingia kwenye simu yangu: elementi, miwani, jezi yenye mifuko mgongoni, bukta yenye sponji, glavu, soksi maalumu, na viatu vinavyojibana kwenye pedali. Nikampigia. "Katibu, hivi viatu vya kujibana, nikianguka nafanyaje?"

"Unaanguka navyo, mzee."

Kukaa Kariakoo kuna faida moja: maduka yote yako chini ya kitanda chako. Hasara yake ni hiyohiyo. Jumatatu, kabla sijafika kona ya Msimbazi, winga akaninasa. Kwa msomaji wa mikoani: winga ni kijana asiye na duka wala mzigo, ila maduka yote na mizigo yote ya Kariakoo anayo mdomoni. "Mkubwa, sema tu unatafuta nini." Nikasema bukta ya baiskeli, nikiamini hapo nimemkomesha. Wala hakupepesa. "Ipo, mkubwa. Nifuate."

Tukapita Mtaa wa Kongo tukiomba njia kwa mabega, tukakatiza Mchikichi, tukapanda ngazi za jengo ambalo chini wanauza masufuria, katikati mapazia, na juu kabisa kuna fremu yenye upana wa kabati la nguo. Muuzaji akanipa kitu cheusi, laini, kinachoenea kiganjani. Nikamwambia natafuta yangu, si ya mjukuu.

"Inavutika, mzee."

"Bei?"

"Laki na ishirini."

Nikauliza kama hiyo ni bei ya dazani. Akaigeuza nje ndani ili nione thamani. Kulikuwa na sponji nene la bluu, limekatwa kama kipepeo aliyekufa akiwa amekaa. Kisha akashusha sauti kama mtu anayemfunda bwana harusi: bukta hii haivaliwi na chupi ndani. Yaani nilipe laki na ishirini, halafu nitoke nyumbani bila chupi!

Sikumlaumu sana. Mzigo unatoka Guangzhou. Nguo mpya kutoka nje ya Afrika Mashariki zinatozwa ushuru wa asilimia 35 tangu Julai 2022, na juu ya jumla hiyo inakuja VAT ya asilimia 18. Kwa hiyo nguo iliyofika bandarini kwa shilingi 10,000 inatoka ikiwa 15,930, hapo hujagusa tozo ndogondogo, kodi ya fremu, na winga aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anatazama dari. Hesabu hiyo naielewa. Nisichokielewa ni safari ya kutoka 15,930 hadi 120,000. Nashuku nauli yake yote imelipwa na lile neno "vifaa".

Nikaendelea kuuliza bei, maana kuuliza bado ni bure. Elementi 90,000. Miwani 25,000. Jezi 55,000. Glavu 20,000. Soksi 12,000, eti zinapunguza upinzani wa upepo. Mimi ambaye upepo pekee unaonipinga ni ule wa feni ya sebuleni. Viatu vya kuangukia 280,000. Jumlisha na bukta: 602,000. Baiskeli nzima 350,000, lakini ruhusa ya kuonekana juu yake inakaribia mara mbili ya bei hiyo. Na huo ni Januari, mwezi ambao ada ya shule inakula na sisi sahani moja.

Mama Zuhura aliisoma ile orodha taratibu, akaikunja, akanirudishia. "Baba Zuhura, kwa laki sita si ununue afya yenyewe? Nenda Karume kama watu wengine."

Nikaenda Karume. Jua la saa saba, watu wamejaa, vijana wamesimama juu ya meza wanaimba bei. Nikainama kwenye lundo la buku buku, nikachimba hadi kiwiko, na nikaipata! Jezi ya baiskeli, zipu mbele, mifuko mitatu mgongoni. Kabla sijainyanyua vizuri, mwenye meza akainyakua.

"Hiyo ya baiskeli, mzee. Hiyo thelathini."

"Si iko kwenye lundo la buku?"

"Ilipotea njia. Zamani tulikuwa tunawauzia wapiga debe hizi. Siku hizi watu wa baiskeli wanakuja na magari yao, wanagombania. Wenyewe ndio wametufungua macho."

Nikauliza bukta ya sponji. Akacheka. Nguo za ndani za mitumba TBS walishazipiga marufuku, na kitu kinachovaliwa bila chupi, akaniuliza, si ndiyo chupi yenyewe? Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Nikageuka niondoke na hasira zangu, na hapo ndipo nilipouona mlima. Meza ya jirani ilikuwa imebeba makoti: ya machungwa, ya kijani, ya zambarau, mazito kama magodoro, katika joto linaloyeyusha lami. Makoti ya skii, ya kutelezea kwenye theluji. Mchezo wa Wazungu wenye nazo, wa Uswisi na Austria, umelala Ilala umepigwa na jua.

"Buku nane, mzee wangu. Chagua."

Nikalishika moja. Ilikuwa kazi ya mafundi kweli. Zipu haipitishi maji. Kwenye mkono wa kushoto kuna kimfuko kidogo cha kuweka kadi ya kupandia lifti ya mlimani. Kwenye zipu ya mbele bado kinaning'inia kikaratasi cha tiketi ya lifti, kimefungwa kwa waya. Yaani mwenyewe aliteleza mara ya mwisho, akalivua, hakulitazama tena. Ndani, kiunoni, kuna kisketi cha mpira chenye vifungo vya kubana. Kijana akanieleza kuwa ni cha kuficha hela, wezi wa Kariakoo wasiione. Ni cha kuzuia theluji isiingie ukianguka, lakini sikumsahihisha. Maelezo yake yalikuwa na manufaa zaidi. Na kwenye ubavu kumeshonwa kidude kimeandikwa RECCO, ambacho waokoaji wanakinasa kwa mitambo yao ukifukiwa na theluji. Nikawaza Mama Zuhura angekuwa na huo mtambo mkesha wa Idi, asingekuwa ananitafuta Mtaa wa Kongo kwa kupiga kelele.

"Sasa nani ananunua haya Dar?"

"Bodaboda wa alfajiri. Lakini mzigo wenyewe ni wa Njombe na Makete, na wapagazi wa Moshi. Ikifika Juni hulipati kwa bei hii. Sasa hivi nataka nafasi mezani."

Nikafanya hesabu palepale. Koti 8,000. Suruali yake 6,000. Miwani mikubwa ya theluji 5,000. Glavu 2,000. Kofia ya sufu 1,000. Jumla 22,000, kichwani hadi kwenye vifundo vya miguu. Kwa pesa ya bukta moja isiyo na chupi, ningewavalisha watu watano wakateleze kwenye theluji, na chenji ya chai ikabaki.

Huko kwa Wazungu hesabu imekaa kinyume. Kule Vail, Marekani, tiketi ya kuteleza siku moja ukiinunua dirishani imeshapita dola 300, ndiyo maana skii wanaiita mchezo wa matajiri, ingawa na baiskeli za milimani nazo sasa zipo za zaidi ya dola 10,000. Hapa kwetu, mchezo wa matajiri unauzwa kwa kuokota, na chombo cha muuza mkaa kinataka mkopo wa benki.

Wala msiniambie skii si mchezo wetu. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na skii zao na kushuka nazo. Barafu mojawapo kule juu inaitwa Furtwängler mpaka leo, ile iliyobaki. Jirani zetu Wakenya walimpeleka Philip Boit kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri mstarini amkumbatie. Boit alikuwa amedhaminiwa na Nike. Mimi hata fulana ya kampeni nilipewa kwa masharti.

Basi, aibu ni kitu kibaya. Nilinunua koti la theluji kwa hasira, halafu nikarudi kwenye ile fremu ya ghorofani nikanunua elementi na bukta kwa unyonge: 210,000. Jumamosi alfajiri nikatoka chumbani. Mama Zuhura akaniangalia kuanzia juu, akafika katikati, akasimama hapo.

"Baba Zuhura. Umevaa taiti na pampasi?"

Nikashuka ngazi kwa kasi ambayo daktari angeifurahia.

Tulifika Gongo la Mboto vizuri. Baada ya hapo kilima cha Pugu kikaanza kuonyesha tabia yake, wenzangu wakapotea mbele, nami nikabaki na gia ya mwisho, nanyonga mara kumi kusogea hatua moja. Karibu na Kajiungeni nikasikia cheni kavu inalia nyuma yangu. Kijana kwenye baiskeli ya Phoenix, isiyo na gia hata moja, keria imebeba kreti mbili za soda, na juu yake kiroba cha unga. Miguuni yeboyebo. Suruali ameikunja upande wa cheni na kuibana kwa kibanio cha kuanikia nguo. Akanifikia, akanitazama, akapunguza mwendo kwa heshima.

"Shikamoo babu. Pole. Umeibiwa suruali?"

Nikaitikia marahaba. La pili sikulijibu, sikuwa na pumzi. Akanipita, soda zinagongana, hakunyanyuka hata kwenye kiti.

Niliketi chini ya mwembe nikitafakari. Hata hao walioanzisha mchezo huu wa baiskeli za milimani hawakuwa na vifaa. Kule Marin, California, mwaka 1976, akina Gary Fisher na Joe Breeze walikuwa wanashuka milima na mabaiskeli chakavu ya matairi manene, mengi yakiwa yamewazidi umri, wamevaa jinzi na mabuti ya kazi. Breki zilipata moto hadi grisi ikatoka moshi. Hao wangefika Mnazi Mmoja leo, katibu angewavuta pembeni. Na Kariakoo yenyewe imepata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi walioibebea Uingereza mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hakuna aliyewauliza wale wazee kama wamevaa soksi za kupunguza upepo.

Laki na ishirini sikununulia bukta. Nilinunulia macho ya watu nisiowafahamu, na kijana wa kreti akayafumba kwa swali moja.

Sasa nimerudi kwenye kaptura ya kaki na kibanio cha nguo, na katibu ameshanizoea. Koti la theluji nimemuuzia bodaboda wa kona yetu kwa 15,000. Hiyo faida ya 7,000 ndiyo pekee niliyoipata katika maisha yangu ya michezo. Bukta inauzwa, imevaliwa mara moja, na kwa kuwa TBS hawaruhusu, usimwambie mtu.

Elementi siiuzi. Barabara ya Nyerere ina malori, na malori hayajali kama una kitambi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukishauriwa baiskeli, vaa ulichonacho, lakini elementi nunua, tena nunua mpya. Kichwa hakina mtumba.