Utukufu wa Toleo Jipya

Wapo wanaoimba sifa za mvua na wapo wanaoimba sifa za ng'ombe. Mimi nalisifu toleo jipya la programu ya akili mnemba, ambalo wahenga walilitambua kabla halijazaliwa: kipya kinyemi, kingawa kidonda.

Sifa yake ya kwanza ni usawa. Hapa Kolo, wilayani Kondoa, sisi tunaoitafutia wageni michoro ya miambani hatuna tena mkubwa wala mdogo. Aliyeianza ChatGPT tangu ilipotoka Novemba 2022, na aliyeifungua juzi gulioni, wote leo wameamka wakiwa darasa la kwanza. Google walituletea Bard mwaka 2023. Tulipoanza kuizoea, Februari 2024 ikaitwa Gemini. Fani gani nyingine humkinga mtu na majivuno kwa bidii namna hii?

Sifa ya pili ni ukarimu. Ukiomba picha ya tangazo, toleo la zamani lilikupa mwindaji mwenye vidole saba. Jipya limepunguza vidole, kisha kwa hisani yake likausogeza Mlima Kilimanjaro hadi nyuma ya mwamba wetu wenye michoro, Mungomi wa Kolo. Wale watu wa michoroni, wembamba, warefu, wenye vichwa vya ajabu, ambao mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja kuwanakili kwa mkono mwaka 1951, limewanenepesha na kuwavisha shuka za Kimasai. Mama yule alihangaika na kilichopo. Sisi tunapewa kisichokuwepo kwa sekunde chache.

Sifa ya tatu, linatushughulisha. Asubuhi tunajifunza, mchana tunalipia kwa dola, jioni tunatazama video inayoeleza kwa nini tuliyojifunza asubuhi yamepitwa na wakati. Mgeni aliyeuliza kama njia ya kupanda Mungomi inapitika atajibiwa mambo yakitulia.

Wapinzani hawakosekani. Wanasema UNESCO iliiandika michoro ya Kondoa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006 bila kusoma hata tangazo letu moja. Wanasema barabara ya lami ya Dodoma kwenda Babati inapita papa hapa, na msafiri husimamishwa na kibao kinachosomeka na mwongozaji anayejua kwa nini wenyeji bado wanapanda Mungomi kwa matambiko.

Nawajibu kwamba hata wachoraji wa kale walikuwa na matoleo. Wawindaji walichora kwa rangi nyekundu. Baadaye wakaja wakulima na nyeupe yao, na penginepo wakachora juu ya nyekundu bila kumwomba mtu ruhusa. Tofauti ni ndogo tu: pale mwambani, toleo la chini bado linaonekana, na halidai nenosiri.

Basi tuliombee toleo jipya maisha marefu. Liishi milele, au walau mpaka Ijumaa.