Barua ya Wazi kwa Halmashauri ya Walei: Hongereni kwa Kuisahihisha Roma

Mheshimiwa Mwenyekiti, Katibu, Mhazini na wajumbe wote,



YAH: PONGEZI KWA KUBORESHA SHERIA ZA KANISA KUHUSU MAZISHI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Anayewaandikia ni muumini wa kawaida ambaye kadi yake ya zaka imejaa mihuri hadi Desemba. Nalitaja hilo mapema ili msipoteze muda kuuliza. Kwa hali ilivyo parokiani kwetu, mwenye kadi iliyojaa ana haki ya kusema, na akifa kesho ana haki ya kuzikwa.

Jumamosi ile tulipomzika fundi cherehani wa mtaani kwetu bila Misa na bila padri, huku katekista ameruhusiwa "sala fupi tu", niliwasikia waumini wakinung'unika. Wenzangu hawa hawaoni mbali. Mimi nilishuhudia kazi ya kitaalamu, na naomba niieleze kwa wale ambao hawakuwepo.

Mwenyekiti wa jumuiya alifika saa tatu asubuhi, suti nyeusi, daftari kwapani. Maiti ilikuwa sebuleni, sisi tumekaa nje chini ya turubai. Hakuanza na pole, aliomba kadi. Mjane aliingia ndani, akarudi na mfuko wa plastiki ambamo kadi ilikaa pamoja na kitambulisho cha taifa na kadi ya kliniki ya kisukari. Mwenyekiti akaikunjua juu ya goti, akaanza kugusa visanduku kwa ncha ya kalamu: Machi hamna, Aprili hamna, Mei hamna. Juni palikuwa na muhuri. Akausogeza karibu na macho, kama trafiki anayetilia shaka leseni. Kisha akafungua daftari la mahudhurio: marehemu hajaonekana jumuiyani tangu mwaka juzi. Mjane akasema kwa sauti ndogo kwamba mwaka juzi ndipo mumewe alipokatwa mguu. Mwenyekiti akaangalia tena daftari. Lina safu ya "yupo" na safu ya "hayupo". Safu ya mguu halina.

Basi hukumu ikatoka, kwa kufuata amri yenu.

Niliporudi nyumbani nilishika Sheria za Kanisa, zile alizozitangaza Papa Yohane Paulo II mwaka 1983, nikatafuta kifungu mlichokitumia. Kanuni ya 1176 inasema waamini wapewe mazishi ya Kikanisa. Kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa, nao ni wachache: walioasi imani waziwazi, wazushi na waliojitenga na Kanisa, waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazoipinga imani ya Kikristo, na wadhambi wengine wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini hadharani. Hata hao, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, wanazikwa. Nikasoma tena nikidhani macho yamenidanganya. Hakuna kadi. Hakuna jumuiya. Hakuna mchango wa ujenzi wa ukumbi.

Nikasema labda ni udhaifu wa nyakati hizi, wazee walikuwa wakali zaidi. Nikarudi kwenye sheria za mwaka 1917. Kweli, orodha yao ilikuwa ndefu. Walinyimwa waliojiua kwa makusudi, Wamasoni, waliotengwa na Kanisa kwa hukumu, walioagiza miili yao ichomwe, hata waliokufa katika dueli, yaani watu wawili waliopatana siku na mahali wakauane kwa heshima. Wamo wapiganaji wa panga, lakini fundi cherehani anayedaiwa zaka hayumo. Zaidi ya hapo, sheria hizo hizo kali ziliagiza kwamba maskini wazikwe bure kabisa, tena kwa heshima.

Tangu hapo Roma imekuwa ikipunguza. Katazo la kuchoma miili lililegezwa mwaka 1963. Sheria za 1983 zikawaondoa waliojiua kwenye orodha. Papa Francis naye mwaka 2013 aliandika kwamba Kanisa si ofisi ya forodha. Inaelekea hakuwahi kupita kwetu. Roma inafupisha, ninyi mnarefusha. Hapo ndipo pongezi zangu zinapoanzia. Kanisa zima limehangaika miaka elfu mbili na fumbo la kifo, wazima kwa wagonjwa, maaskofu kwa wanateolojia, kumbe jibu lilikuwa kwenye visanduku kumi na viwili na wino wa muhuri.

Kuna kakifungu kadogo kangewasumbua watu wasio na ujasiri wenu. Kanuni hiyo ya 1184, aya ya pili, inasema palipo na shaka juu ya kumnyima mtu mazishi, aulizwe askofu wa mahali, na uamuzi wake ufuatwe. Ninyi mmemrahisishia askofu kazi, maana hamkuwa na shaka. Aidha, kanuni ya 1183 inaruhusu, kwa idhini ya askofu, hata Mkristo asiye Mkatoliki azikwe na padri wetu ikiwa mchungaji wake hapatikani na yeye mwenyewe hakuonyesha kukataa. Kwa hesabu yangu, fundi angekufa akiwa Mlutheri angekuwa na nafasi nzuri zaidi. Kosa lake ni kufa akiwa wetu.

Nisiwe mchoyo wa sifa: mizani yenu haina uzito mmoja tu, inajua kujirekebisha. Tunakumbuka mazishi ya yule mfadhili aliyekuwa anaonekana kanisani siku ya harambee, na jumuiyani haonekani kabisa. Kwake hamkufungua daftari. Mapadri walijaa altare, kwaya ilikodiwa basi, na mmoja wenu alisoma wasifu hadi jua likapinda. Kanuni ya 1181 inaonya kwamba katika sadaka za mazishi pasiwe na upendeleo, na maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Wenye nia mbaya wangesema siku ile mliivunja. Mimi nasema mliitafsiri kwa mujibu wa kauli mbiu ya parokia yetu isiyoandikwa: mkono mtupu haulambwi.

Sasa niwape taarifa ya yaliyotokea baada ya ninyi kuondoka, maana mlikuwa na kikao.

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa tangu alfajiri. Walichimba vijana wa kijiweni, na wengi wao ni wa msikiti ule ulio nyuma ya soko. Sufuria za wali zilipikwa na akina mama wa mtaa, mitandio na khanga vimechanganyika, huwezi kujua nani kasali wapi Jumapili wala Ijumaa. Tulipotaka kubeba jeneza, wanaume wa jumuiya walikuwa wachache, kwa kuwa baadhi walidhani kubeba ni kupinga hukumu. Mzee mmoja muuza mihogo akavua kandambili, akazishika mkononi, akaweka bega chini ya jeneza. Wenye kofia za mkono wakafuata. Makaburini walisimama pembeni kwa adabu, mikono mbele, wakati katekista akisali ile sala yake fupi. Hawakusali yetu na hawakutuletea yao. Ila wao ndio walioshika majembe wakafukia udongo hadi mwisho.

Nilimuuliza mzee wa mihogo kwa nini wamejisumbua. Akashangaa swali. Kwa Waislamu, akaniambia, kumwosha maiti wao, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi ya kutosheleza: wakifanya baadhi, wengine wamesamehewa, wasipofanya, dhambi ni ya wote. Huyu hakuwa wao, ila jirani ni jirani. Akanikumbusha na habari iliyomo katika Sahihi Bukhari, ya Mtume kusimama jeneza la Myahudi lilipokuwa likipita. Alipoambiwa kuwa ni Myahudi, akauliza kama huyo naye si nafsi.

Nao wana zaka, ndugu wajumbe, na ni nguzo ya dini yao. Lakini aliye chini ya kiwango hadaiwi kitu, na katika makundi manane ya wanaopewa, wanaotangulia kutajwa ni mafukara na maskini. Fundi wetu mwenye mguu mmoja na cherehani iliyouzwa angekuwa kwenye foleni ya kupokea. Naomba suala hili lisijadiliwe sana vikaoni, watu wasije wakapata mawazo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitufundisha kuwaheshimu Waislamu na kushirikiana nao kulinda haki ya jamii na amani. Mwaka 2019 Papa Francis na Imamu Mkuu wa Al-Azhar walitia saini hati ya udugu kule Abu Dhabi. Sisi tumekwenda mbele zaidi ya karatasi: tumewakabidhi kazi. Katika matendo saba ya huruma ya kimwili, la saba ni kuzika wafu, nasi tumelihamishia msikitini bila hata hati ya makabidhiano. Kama mazungumzo ya dini mbalimbali yanapimwa kwa matokeo, parokia yetu ni ya kupigiwa mfano.

Nisiwaonee. Umeme wa kanisa haulipwi kwa Salamu Maria, na katekista ana watoto wanaokula. Kanuni ya 222 inatubana waamini wote kutegemeza Kanisa, na najua wapo wanaotukimbia maisha yao yote, halafu ndugu zao wanakuja mbio kudai kengele na ubani. Wanaudhi. Mimi mwenyewe nimewahi kuwaita majina. Ila mtu anadaiwa akiwa hai, anatembelewa akiwa hai, anaulizwa kulikoni akiwa hai. Kumbukumbu za jumuiya zinaonyesha fundi alipelekewa bahasha za mchango bila kukosa. Safari ya kumpelekea Komunyo kitandani sikuiona humo.

Jumuiya hizi hazikuanzishwa zikague kadi. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, walizifanya kuwa kipaumbele cha kichungaji ili watu wafahamiane, wasome Neno pamoja, wasaidiane wakiugua na wakifiwa. Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ikaja na picha ya Kanisa kama Familia ya Mungu. Katika familia ninazozijua mimi, mtu akikosekana mezani muda mrefu, huenda mtoto akatumwa kuangalia kama yu mzima.

Tunacho pia kitabu cha Tobiti, ambacho ndugu zetu Waprotestanti hawanacho katika Biblia yao. Sisi tunacho, hatukifungui. Tobiti alikuwa akizika maiti za watu wake kule Ninawi kwa kificho, akanyang'anywa mali, akaponea chupuchupu kuuawa, na majirani wakamcheka. Hakuna mahali alipouliza marehemu alikuwa wa kanda gani.

Na kwa kuwa ninyi ni watu wa kumbukumbu, jalada la mazishi ya Bwana wetu mwenyewe lina kasoro nyingi. Wengi wa jumuiya yake walikuwa wamekimbia. Mtunza fedha alikuwa ameshajinyonga. Kaburi halikuwa la kwake. Aliyekwenda kwa Pilato kuomba mwili alikuwa Yosefu wa Arimathaya, mjumbe wa baraza, cheo kinachokaribiana na chenu. Angesubiri kikao kikae, Ijumaa ile ingewapita.

Baada ya pongezi hizi naomba mambo mawili. Kwanza, tubandikieni kwenye ubao wa matangazo namba ya kanuni ya Kanisa inayoruhusu kumnyima mtu mazishi kwa sababu ya zaka. Ikiwa haipo, basi amri hiyo ifutwe parokiani kwa maandishi, kwa muhuri ule ule mnaogongea kadi.

Pili, fundi asaliwe Misa. Kanuni ya 945 inawahimiza mapadri kuadhimisha kwa nia za waamini, hasa maskini, hata bila sadaka. Ila msisumbuke na kanuni, sadaka ya nia nimeshaiacha kwa katekista kwenye bahasha. Mjane anaomba iwe Misa ya pili, ya saa tatu, kwa sababu majirani waliochimba kaburi wamemwambia watamsindikiza hadi mlangoni, na asubuhi sana wanakuwa sokoni. Wawekeeni viti.

Wenu katika Kristo,

Mwanajumuiya asiyedaiwa