Namna ya Kurudi Kutoka Arizona Bila Kwenda

Umeshawatangazia watu wa kijiweni kwamba uliwahi kuishi Marekani, na sasa wanataka kujua ulikaa wapi. Usitaje New York. Kila mtu ana shemeji yake kule, na kabla chai haijapoa utakuwa umeshikishwa simu uongee naye. Sema Arizona. Shika kanuni moja: uongo uwe mmoja tu, kwamba ulikwenda. Mengine yote yawe kweli tupu, maana Arizona ina kweli za ajabu kuliko chochote utakachobuni.

1. Anza na saa. Hapa ndipo waongo wengi hukamatwa. Karibu majimbo yote ya Marekani husogeza saa mbele mwezi Machi na kuirudisha nyuma Novemba, kwa hiyo aliyejidai alikaa New York, akiulizwa kule ni saa ngapi, anaanza kujiuliza apunguze saba au nane. Wewe umechagua vizuri. Arizona ilijaribu mchezo huo mwaka 1967, ikaona unazidisha jua la jioni mahali ambapo watu wanaliombea lizame, na mwaka 1968 ikajitoa. Afrika Mashariki nasi hatusogezi. Tofauti yetu ni saa kumi, masika na kiangazi. Na kwa saa yetu ya Kiswahili huna haja hata ya kutoa: ongeza mbili, geuza usiku uwe mchana. Saa mbili usiku Dar es Salaam ni saa nne asubuhi Phoenix. Jibu bila kutazama simu, halafu nyamaza kidogo kama mtu aliyemkumbuka mwenye nyumba wake.

2. Wakishalegea, wape habari za Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa kule. Ardhi yao inavuka mpaka hadi Utah na New Mexico, kwa hiyo ndani ya Arizona wao husogeza saa ili nyumba yao yote iende pamoja. Lakini katikati yao wamo Wahopi, kabila jingine la wenyeji, waliozungukwa pande zote, na hao hawasogezi. Mji wa Tuba City ni wa Wanavajo. Kijiji cha Moenkopi, pale jirani kabisa, ni cha Wahopi. Msimu wa joto unaondoka Tuba City saa tano na dakika kumi, unavuka barabara, unafika Moenkopi saa nne na robo. Ukishasema hivyo, nywa chai. Kuna mtu atachukua kijiti na kuanza kuchora mchangani.

3. Historia ipite mbio. Mexico iliipoteza sehemu kubwa ya nchi hiyo vitani, mkataba ukatiwa saini 1848. Kipande cha kusini, pamoja na Tucson, Marekani ilikinunua baadaye. Arizona ikawa jimbo la 48 tarehe 14 Februari 1912. Inatosha. Anayetaja tarehe nyingi huonekana amekariri.

4. Uchumi je? Watoto wa shule kule hufundishwa nguzo tano: shaba, ng'ombe, pamba, machungwa na hali ya hewa. Ndiyo, hali ya hewa ni bidhaa. Wazee wa majimbo ya baridi huja kuinunua kila Desemba. Arizona hutoa zaidi ya nusu ya shaba ya Marekani. Ila angalia kwanza kama mezani kuna mtu wa Lubumbashi. Akiwepo, usimfundishe shaba. Mpe heshima yake: mwambie kampuni ya Freeport-McMoRan, yenye makao makuu Phoenix, ndiyo iliyokuwa na hisa nyingi katika mgodi wa shaba wa Tenke Fungurume, kule kwao Kongo, kabla ya kuziuza kwa Wachina mwaka 2016. Atakuwa shahidi wako bila kuombwa.

5. Joto usilitie chumvi, halihitaji. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi. Wewe taja vitu vidogo: chuma cha mkanda wa gari kinachounguza kidole, na madereva wanaoacha nafasi iliyo mlangoni pa duka wakaegeshe mbali, penye kivuli cha mti mmoja. Na ile picha yako kwenye theluji, uliyopigwa unakojua mwenyewe, usiifute. Flagstaff, humo humo Arizona, iko mita 2,100 juu ya usawa wa bahari na theluji huanguka.

6. Kama yupo aliyesoma Uingereza anayetaka kukupokonya baraza, muulize Daraja la London liko wapi. Lile la mwaka 1831 liko Lake Havasu City, Arizona. Robert McCulloch, tajiri wa misumeno ya injini, alilinunua 1968 kwa dola 2,460,000, akasafirisha mawe yake yakiwa yametiwa namba, akalisimamisha juu ya nchi kavu, kisha ndipo ukachimbwa mfereji maji yapite chini yake. Likafunguliwa 1971. Binafsi nadhani hakuna tajiri wa kwetu aliyewahi kujionyesha kwa ukamilifu namna hiyo.

7. Siku moja, pengine harusini, utakutanishwa na mtu aliyeishi Arizona kweli. Usikimbie. Mkumbatie, kisha muulize kwa sauti chimichanga ilianzia wapi, Tucson au Phoenix. Hiyo ni chapati ya ngano iliyofungiwa nyama au maharage ikatumbukizwa kwenye mafuta, na mikahawa ya miji yote miwili inadai ndiyo iliyoibuni. Jibu lolote atakalotoa, tikisa kichwa kwa masikitiko na useme, "Kumbe wewe ni wa upande ule." Akianza kujitetea, chukua sahani yako uende kwenye foleni ya pilau.