Ngalawa Ndani ya Nyumba

Ngalawa ilinunuliwa kwa ajili ya mwani wangu. Mama mkwe alilima mwani hapa Jambiani tangu kilimo hiki kilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1980, na mzigo wote aliubeba kichwani, maji yakimfukuza nyuma. Baba watoto hakutaka na mimi nimalizie shingo yangu huko. Tukauza mbuzi, nikapokea zamu yangu ya upatu, likaja gogo la mwembe lililochongwa, na matengo yake mawili, na tanga la marekani lenye viraka.

Tangu jioni ile nyumba ilibadilika. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ililala kutoka ukumbini hadi jikoni, na kila mpishi akawa anairuka. Tanga likatandazwa juu ya jamvi lishonwe. Kopo la sifa, yale mafuta ya ini la papa ya kupaka mbao, likamwagika uvunguni. Sifa haiondoki kwa sabuni wala udi. Binti yetu alikwenda nayo skuli kwenye mtandio, akarudi analia. Kopo nikalihamishia banda la kuku.

Baba watoto ni fundi uashi; bahari hakuijua. Aliyemfundisha ni mama yake, mtoto wa mvuvi. Alimketisha uani, akasimamisha mchi uwe mlingoti, mwiko ukawa foromali, kanga ikawa tanga. Ukitaka kugeuza ngalawa, alisema, ipe upepo wa tezi, kisha foromali uipitishe mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Kamba ya demani, inayolivuta tanga, ilegezwe kwanza, la sivyo chombo kinalala.

“Legeza demani, mwanangu! Legeza!” Majirani walimsikia kila alasiri.

Akajua. Siku ya kwanza ya mzigo aligeuza vizuri mbele ya mwamba, magunia ya mwani mbichi yamejaa, nami nimekaa omo. Hapo maji yakaanza kupanda miguuni. Deheni mpya, ile chokaa iliyokandwa na shahamu, ilibanduka vipande vipande, na chini yake ukaonekana ufa wa dhiraa nzima. Aliyetuuzia alikuwa ameuziba kwa deheni tu, bila pamba. Tulifua maji kwa kata na sufuria ya wali, nusu ya mwani tukautupa, tukafika.

Fundi wa kalafati alishindilia pamba kwenye ufa mwanzo hadi mwisho. Sifa ikatoka bandani, na safari hii nilipaka mwenyewe. Sasa mwani wangu unafika nchi kavu kwa tanga, na mama mkwe hupanda nasi upepo ukiwa mwanana.

Wewe unayetaka kununua ngalawa, usitoe shilingi kabla muuzaji hajakwangua deheni mbele ya macho yako, hasa pale chini ya mlingoti.